Mate ya Marhoun bin Amur

Pale Ibra, Oman, ukiletewa posa na watu usiowajua, unampigia simu Marhoun bin Amur. Hakuna aliyempa kazi hiyo wala halipwi hata baisa moja, anajua tu. Mtajie mtu yeyote ambaye wazee wake walirudi kutoka Unguja au Pemba, atakutajia baba yake na babu yake mpaka yule wa saba, shamba lao lilikuwa wapi, nani alimwoa nani, nani alimwacha nani na kwa sababu gani, hata zile sababu ambazo wenyewe walidhani wameshazizika. Watu humpigia kutoka Maskati, kutoka Al Qabil, kutoka kule Jabal al Akhdar kwenye mawaridi. "Sheikh Marhoun, kuna kijana katuposa. Unawajua hawa?" Naye hujinyoosha kwenye godoro, akakohoa kidogo, akaanza: huyo ni fulani bin fulani bin fulani. Usimkatize. Ukimkatiza anaanza upya.

Mzee mwenyewe alizaliwa Unguja, akaja Oman kijana, akafanya kazi idara ya maji mpaka akastaafu. Mkewe ameshafariki. Mwanawe wa pekee, Khelef, alikufa kwa ajali kwenye barabara ya Sur, akamwachia mjukuu mmoja, Ahlam. Babu ndiye aliyemlea, akamsomesha, akampeleka mpaka Manchester, na leo binti ni mhandisi kwenye kiwanda cha gesi huko Sur na kila Alkhamisi anarudi Ibra kulala kwa babu yake. Lakini sheria ni sheria. Baba akishakufa, walii wa binti ni babu mzaa baba. Kwa hiyo Ahlam, pamoja na shahada yake na gari lake na mshahara wake, haolewi mpaka Marhoun atamke. Na Marhoun alikuwa ameshatamka, alisema hapana.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana, baada ya sikukuu ya Mfunguo Mosi, walikuja watu kutoka Nizwa kumposa Ahlam. Kijana anaitwa Osama, mhandisi mwenzake kule Sur. Baba yake, Nadhir, ni mzaliwa wa Bujumbura, mwenye duka la vipuri vya magari. Walikuja kwa adabu zao zote, kanzu zimepigwa pasi, na bakuli kubwa la halwa. Marhoun naye alikuwa amewaita majirani wawili watatu washuhudie. Wakanywa kahawa, wakasema walilokuja kusema, kisha mzee akauliza lile ambalo lazima aulize.

"Kijana ni nani?"

"Osama ni mwanangu," akajibu Nadhir. "Mimi ni Nadhir bin Adil bin Alaa."

"Bin?"

"Mwisho ni hapo, mzee. Babu Alaa aliingia bara akiwa mdogo, akafika Ujiji, akaoa huko huko, akafa baba yangu hajaota ndevu. Kabila tunalijua. Majina ndiyo yaliyopotea."

"Mnyororo mfupi namna hii," akasema Marhoun, mbele ya watu wote, "hata mbuzi haumfungi."

Majirani walicheka, hawana haya. Nadhir hakucheka wala hakununa. Alimaliza kikombe chake, akakitikisa kuonyesha ametosheka, akashukuru, akaondoka na watu wake. Halwa waliyokuja nayo waliiacha pale pale kwenye busati.

Ahlam alikuwa amesikia yote kutoka chumba cha pili. Kiswahili chake ni cha kuokota okota, hivi vizazi vya huku ndivyo vilivyo, lakini siku ile maneno hayakumpotea. "Babu, umemtukana baba ya watu."

"Nimesema kweli."

"Mimi nataka Osama."

"Wewe unataka. Mimi najua."

Wenzake kazini wakamwambia nenda kwa kadhi, kadhi anaweza kukuozesha walii akikataa bila sababu. Na wapo wanaofanya hivyo. Ahlam akasema hatamsimamisha babu yake mahakamani, bora akae hivyo hivyo mpaka azeeke. Na akakaa kweli. Hakununa, hakuacha kuja, hakuacha kumpikia babu wali wake wa nazi. Aliacha kucheka tu. Nyumba ikawa kimya, na kile kimya kikamkera mzee kuliko hata angepigiwa kelele. Lakini kurudi nyuma, hilo hapana. Marhoun akishasema amesema.

Ndipo akatokea Mmarekani.

Ahlam alipokuwa Manchester, shoga zake walimfanyia mzaha wakamtemesha mate kwenye kichupa, wakayapeleka kwenye kampuni moja inayopima damu za watu na kuwatafutia ndugu. Akasahau. Miaka ikapita, akapata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Massachusetts, jina lake Ruth Penwell, mwalimu mstaafu. Mama anasema wana damu moja yeye na Ahlam, kidogo, lakini si ya kubahatisha, na anaomba kuja kuonana na mzee wa nyumba.

"Babu," akasema Ahlam, "iko mama mmoja wa Amerika anataka kuja kukuuliza mambo ya asili."

Loo! Mzee alijaa kifua. Sifa zake zimefika Amerika! Alinyoa ndevu pembeni, akatoa busati jipya, akamwagiza mtu halwa ya Nizwa yenye zafarani. Kuhusu hiyo damu moja, Ahlam hakuambiwa vizuri na hakutaka kubuni, kwa hiyo hakusema.

Mama Ruth alikuja na shela begani, mrefu, mkavu, miguu anaburura, na uso wa mtu asiyependa kupoteza wakati. Alikaa chini kwenye busati kama watu, akala tende, akaeleza shida yake, Ahlam anafasiri. Babu wa mababu zake, Josiah Penwell, alikuwa katika wazungu wa mwanzo kabisa kuhamia Amerika, karibu miaka mia nne iliyopita. Alitoka Uingereza, na hakumwambia mtu ametoka kijiji gani. Huenda aliona halimhusu mtu. Lakini kizazi chake chote kimekula umri wao kikimtafutia kwao. Baba yake Ruth alitafuta mpaka akafa. Ruth amechukua pale pale baba yake alipoachia.

Uingereza kuna kina Penwell wa namna mbili, wa Devon na wa Suffolk, na hawana udugu. Josiah ni wa wapi? Na hapa mama akaeleza jambo lililompendeza sana Marhoun. Kwenye damu, alisema, kuna alama inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na kutoka kwa huyo kwenda kwa mwanawe wa kiume, haipiti kwa mwanamke kamwe. Apatikane mwanamume mmoja tu aliyetoka kwa Josiah, kwa wanaume watupu, mate yake yalinganishwe na ya wale wa Uingereza, mambo yamekwisha. Lakini hayupo. Huyu alizaa mabinti, yule alikufa vitani, na wa mwisho, kaka yake Ruth, alikufa bila mtoto kabla vipimo hivi havijajulikana.

"Mama huyu anaijua kazi," Marhoun akamwambia Ahlam kwa furaha. "Mwambie na sisi ni hivyo hivyo. Nasaba hufuata baba."

"Isipokuwa Edwin," akasema Ruth.

Edwin Penwell, babu mzaa baba wa baba yake Ruth, alikwenda Unguja akiwa kijana, wakala wa matajiri waliokuwa wakiuza vitambaa vya marikani na kununua pembe za ndovu. Akasilimu kule, akaoa, akapata mtoto wa kiume. Mke akafa kwenye uzazi. Mtoto akachukuliwa akalelewa na nyumba ya Waarabu, Edwin akarudi kwao, akaoa tena, akaanza upya. Mkewe wa pili hakutaka hadithi ile isemwe, kwa hiyo ilisemwa kwa kunong'ona, kizazi baada ya kizazi. Lakini Edwin alipokuwa anakata roho, alikuwa akiita jina moja. Nasor. Nasor.

Ahlam hakulifasiri hilo. Hapakuwa na haja. Mzee alisoma Kiingereza skuli huko Unguja, na alishaelewa tangu kwenye pembe na marikani.

Alikiweka chini kikombe chake. Mikono ilikuwa imetulia, sauti ndiyo iliyobadilika. "Mwambie Nasor ni babu yangu. Nasor bin Hazim." Akaanza kuuteremsha mnyororo mzima, jina baada ya jina, mpaka akafika kwa yule wa kwanza aliyetoka hapa hapa Ibra, mtaa ule pale, nyuma ya mfereji. "Na mwambie Hazim alipokufa alimuusia Nasor shamba la Dole, mikarafuu yote na kisima. Usia, mbele ya mashahidi. Mtu humuusia shamba mtoto wa mzungu muuza nguo?"

"Inawezekana nimekosea," akasema Ruth kwa upole. Akafungua mkoba, akatoa kichupa, akakiweka kwenye busati.

"Babu, si lazima," akasema Ahlam. Wallahi hata yeye hakutaka mzee avunjike.

"Lete."

Angekataa nani angemlazimisha? Angesema mimi mzee, mate yamenikauka, mama wa watu angepanda ndege yake akaenda. Lakini Marhoun alikuwa na yakini. Alikitemea kile kichupa kama mtu anayeutemea uwongo wenyewe, akakijaza mpaka alama, akakifunga kifuniko kwa nguvu.

"Chukua," akasema kwa Kiingereza. "Ukajue."

Joto la tende likaingia, watu wakakata vichala vyao, na mzee akawa ameshamsahau Mmarekani, au ndivyo alivyomwambia kila aliyemuuliza. Siku ya Ijumaa, wameshakula, simu ya Ahlam ikalia. Kwenye kioo alikuwa Mama Ruth, analia machozi, miwani ameivua, anasema neno moja tu analirudia.

"Suffolk! Suffolk!"

Marhoun akavaa miwani yake akasogea. Mama hajijui kwa furaha. Anataja kijiji, anataja kanisa alikobatizwa Josiah, anasema baba yake angekuwa hai, ah, laiti angekuwa hai. Mate ya Marhoun yamelingana na ya mkulima mmoja wa Suffolk aitwaye Penwell, mwenye ng'ombe, yamelingana sawasawa kama funguo na kufuli. Ahsante, ahsante, Mungu akubariki. Hata haikumpitia akilini kwamba habari ile ile iliyomjenga yeye inambomoa mwenziwe.

Ahlam alikuwa amejiinamia. "Babu, nikwambie?"

"Nimesikia." Mzee akavua miwani yake. Kisha akasema, na hapa ndipo unapomjua mtu aliyelelewa: "Mwambie hongera. Mwambie Mungu amrehemu baba yake. Amekipata alichokuwa akikitafuta."

Ruth aliposikia ndipo akazinduka, akaufunika mdomo kwa mkono. "Na wewe, Bwana Marhoun? Wewe je?"

"Alhamdulillahi," akasema Marhoun, akaondoka kwenda kutia udhu.

Na kule kule kwenye bomba, maji yanamtiririka mkononi, ndipo ule usia wa Dole ulipomrudia ukampiga usoni. Usia! Hata mtoto wa chuoni anajua kwamba mrithi hausiwi. Mtoto wako ana fungu lake katika mirathi, analipata ukitaka usitake. Usia ni wa mtu asiyekurithi. Marhoun alishawaamulia watu mirathi ngapi kwa kanuni hii hii? Alishawazima wangapi kwa kuwaambia hilo haliwezekani, huyo ni mrithi, hausiwi? Na maisha yake yote amekuwa akilitaja shamba la Dole kwa majivuno, kumbe kila akilitaja anatoa ushahidi kwa mdomo wake kwamba babu yake hakuwa mtoto wa Hazim.

Hazim, masikini, hakuficha kitu. Alimchukua mtoto asiye na mama, mkewe akamnyonyesha pamoja na wake, akamlea, akampenda. Alipojiona anakufa hakumpachika kwenye mirathi kwa uwongo, akampa kwa njia ya halali. Ni waliokuja nyuma ndio waliolivuta jina la Hazim wakalivaa, kwa sababu lilikuwa jina kubwa na lilikuwa karibu. Amur alilivaa kutoka kwa watu, na Marhoun akalivaa kutoka kwa Amur, na juu yake akapanda akawa anawapimia wengine.

Hakuna kilichomchoma kama hicho. Si Amerika, si Suffolk, si hao ng'ombe. Kujiita mwana wa asiye baba yako ni dhambi kubwa, yeye mwenyewe amelihutubia jambo hili kwenye vikao zaidi ya mara moja, kidole juu. Kutokujua kwake ameshasamehewa. Sasa anajua. Na aliogopa, alimwogopa Mungu wake, na kidogo, tusifichane, aliwaogopa na majirani.

Wiki ile akapiga simu mtu wa Al Qabil. "Sheikh, tumeletewa posa, watu wa Pemba, Wete. Unawajua?"

"Kijana anaswali?" akauliza Marhoun.

"Eh... anaswali."

"Anawatazama wazee wake? Hana mkono wa kupiga?"

"Sheikh, mimi nauliza asili yao."

"Nami nakwambia uliza hayo. Majina siyajui."

Yule mtu akatangaza kwamba Sheikh Marhoun hayuko sawa, na jioni wakaja watu wawili kumtazama mgonjwa, mmoja kachukua asali.

Jumamosi asubuhi mzee alivaa kanzu nyeupe, akafunga kilemba, akachukua bakora. "Ahlam, nipeleke Nizwa."

Ahlam alidhani anataka soko, pengine kuna mbuzi amemsikia. Hakuuliza. Wakapita Mudhaibi, wakapita Izki, mzee hasemi, anatazama nje tu. Walipoingia Nizwa akatoa kikaratasi alichoandikiwa na mtu, akawa anamwelekeza: kulia, kushoto, pita msikiti. Mtaa wa nyumba mpya, kuta za manjano. "Simama hapa."

Ahlam akaona gari limeegeshwa mbele ya lango, na ubavuni limeandikwa duka la vipuri, na jina la mwenyewe. Akapoteza rangi. "Babu! Hii nyumba ya nani? Mimi siingii!"

"Nani kakwambia uingie? Kaa hapa hapa."

Jamani, tangu lini mwenye binti akaenda kuposa? Kwetu mtoto wa kike anafuatwa, hapelekwi. Ukimpeleka umemshusha, na umejishusha, na mjini pataongewa mpaka wajukuu. Marhoun aliyajua haya kuliko wote, ndiye aliyekuwa akiwafundisha watu. Akashuka na bakora yake, akabisha hodi.

Nadhir alifungua mwenyewe. Akamtambua, na uso haukuonyesha kitu. "Shikamoo mzee. Karibu, karibu ndani."

"Marahaba."

Akakalishwa juu, mahali pa mgeni, akaletewa tende na matunda yaliyokatwa. Nadhir akamimina kahawa kwa mkono wake, akampa. Marhoun akakipokea kikombe, akakiweka chini mbele yake bila kukigusa midomo. Nizwa kama Ibra, kila mtu anajua maana yake: mgeni ana haja, na hanywi mpaka asikie jawabu.

"Sema, mzee," akasema Nadhir.

"Siku ile nyumbani kwangu nilikuuliza majina ukanitajia. Leo nimekuja kukutajia yangu." Akapumua. "Mimi ni Marhoun bin Amur bin Nasor bin Edwin. Edwin ni Mmarekani, muuza marikani, aliyesilimu Unguja akamwoa mama yake Nasor, kisha akarejea kwao. Mungu ndiye anayejua alikufa katika dini gani. Hazim alimlea babu yangu, hakumzaa. Mimi nilikuwa sijui. Nimejua mwezi huu."

Nadhir akaliweka chini birika la kahawa.

"Nilikutukana," akasema mzee. "Nilikutukana mbele ya watu, na nimekuja kukuomba radhi. Na kama kijana wako hajaoa, na kama bado mnatutaka, mjukuu wangu Ahlam... mimi ndiye walii wake, na mimi ndiye ninayekuja kumposa Osama. Nimeona aibu njia nzima. Lakini nimekuja."

Kabla Nadhir hajajibu, mlango wa ndani ukafunguka kidogo na ukatoka uso wa kikongwe, Bi Mabruka, mama yake Nadhir, kajitanda kanga yake ya Bujumbura. "Nadhir, kuna mtoto wa watu huko nje kwenye gari, kajiinamia kwenye usukani analia. Ni wa nani?"

"Wangu," akasema Marhoun. "Ahlam. Ndiye aliyeniendesha."

"Ahlam! Ahlam wetu? Mko humu mnakunywa kahawa, mtoto mmemwacha juani? Wanaume nyie!" Na hakungoja jibu. Wakamsikia anapita ukumbini, anaita wasichana wa nyumba, viatu vinaburuzwa, lango linafunguliwa, kisha sauti nyingi za kike zinaingia kwa mlango wa nyuma, na katikati yao sauti ya Ahlam inasema hapana bibi, haifai, haifai, na inazidi kuingia ndani.

Nadhir akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Osama yuko Sur, zamu. Hajaoa. Tumemtajia wasichana watatu, kila mmoja anasema mrefu sana." Akanyoosha kidole. "Kunywa kahawa yako, mzee."

Marhoun alikiinua kikombe, akakirudisha chini. Kuna jambo lilikuwa halimwelei. Amefika na habari ya kumtoa mtu roho, na mwenzake amepokea kana kwamba ameambiwa mvua imenyesha Salala, kunakonyesha kila mwaka.

"Nadhir, mwanangu. Hukushtuka. Nimekwambia babu yangu ni mtoto wa Mmarekani, na hukushtuka."

Nadhir alisita. Alionekana anatafuta namna ya kulisema. "Mzee, posa haiendi bila kuuliza. Watu wote wakitaka kuuliza asili wanakupigia wewe. Sasa wewe mwenyewe tungekuuliza nani? Mama akampigia Bi Turkiya, yule wa Sur, mliyezaliwa naye mtaa mmoja huko Unguja."

"Turkiya," akasema mzee taratibu.

"Akatwambia yote. Mmarekani, na Hazim, na usia. Akasema ni watu wema, mtoto amelelewa vizuri, nendeni. Ila akasema mwenyewe Marhoun hajui, wazee wake hawakumwambia, na nyinyi msije mkamwambia."

Marhoun akahesabu moyoni nini maana yake, na ilimchukua muda, kwa sababu hakutaka kufika mwisho wa hesabu ile. "Mlijua kabla hamjaja Ibra."

"Tulijua."

"Na siku ile, pale, nilipokuuliza bin nani, bin nani, watu wanacheka... ulikuwa na neno moja tu la kunijibu nikanyamaza maisha yangu yote. Ulikuwa nalo mdomoni. Kwa nini hukulisema?"

"Nilikuwa nyumbani kwako, mzee," akasema Nadhir.

Marhoun akavuta ncha ya kilemba chake akajifunika uso. Mabega yakaanza kumtikisika, mzee mzima, hana sauti. Nadhir akageuka upande wa pili, akavuta sahani ya tende karibu yake, akawa anazitoa kokwe moja moja polepole, asimtazame, mpaka mgeni wake amalize kulia.